Fahamu: Cam Ward, kwotabeki wa vyuo vitatu

Ni nani?
Katika futiboli ya Kimarekani, kwotabeki ndiye anayeanzisha mashambulizi na kurusha pasi. Aprili 2025, timu ya Tennessee Titans ilimchagua Ward wa kwanza kabisa kati ya wachezaji wapya wa NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huo.

Alipitia wapi?
Timu ya sekondari yake huko West Columbia, Texas, ilipenda kukimbia na mpira kuliko kuurusha, hivyo vyuo vikubwa havikumwona. Aliyemfungulia mlango ni Incarnate Word, chuo kidogo cha San Antonio. Mwaka 2022 akahamia chuo cha Washington State. Januari 2024 alitangaza kwenda NFL, kisha akaghairi na kutua chuo cha Miami, ambako alirusha pasi 39 za tachidauni (za kufunga) msimu huo. Kughairi kule ndiko kulikompandisha bei.

Mbona kuhama kumekuwa rahisi?
Zamani, aliyehama kwa kawaida alikaa mwaka mzima bila kucheza. Mwaka 2021 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, iliruhusu kuhama mara moja bila adhabu hiyo, na wachezaji wakaanza kulipwa kwa matangazo. 2024 kikomo cha mara moja kikaondolewa. Makocha hulalamika, ingawa wao huhama watakavyo.