Mtu wa Kabari wa Kisumu Ndogo

Kabari ya ndege ni kipande kizito cha mpira, cha pembe tatu, kinachowekwa mbele na nyuma ya gurudumu ili ndege isisogee. Jioni nzima nimeizungumzia na kijana mmoja wa Kisumu Ndogo, Kibera, ambaye kazi yake kule JKIA, Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi, ni hiyo hasa. Aliomba jina lake lisiandikwe, kwa kuwa yuko kwa mkataba.

Ndege haikimbiliwi, anasema. Ndege ikifika kwenye maegesho unangoja injini zinyamaze na taa nyekundu ya tumboni izimike, ndipo unasogea. Gurudumu la pua kwanza. Unaacha nafasi ndogo, upana wa kidole hivi, kati ya kabari na tairi. Ndege ikijazwa mafuta na mizigo inaelemea, na kabari iliyosukumwa mno hugoma kutoka rubani akitaka kuondoka. Amewahi kuona ikigoma: wanaume wazima wameinama chini ya ndege wakihangaika nayo, na juu abiria wamekwisha kufunga mikanda.

Kilichonikaa moyoni ni saa. Kabari zikishawekwa, anatazama saa na msimamizi anaandika. Lakini ndege nayo huwa na saa yake: breki ikifungwa na mlango ukafunguliwa, mtambo unalipelekea shirika taarifa bila kumwuliza mtu. Mnara wa kuongozea ndege nao una hesabu zake. Dakika hazilingani. Kwa shirika ndege imefika, kwa kijana huyu taa bado inawaka. Ya nani ifuatwe?

Ulaya walianza kulijibu swali hili kwa kuwataka wote wasome takwimu zilezile. Munich ilianza utaratibu huo mwaka 2007, ndege ikifuatwa kwa hatua 16 kuanzia mpango wa safari hadi inaporuka tena. London, baada ya theluji ya Desemba 2010 kuwalaza abiria sakafuni, uwanja wa Heathrow ulifungua mwaka 2014 kituo ambamo uwanja, mashirika na waongoza ndege wanakaa chumba kimoja. Kiini cha yote ni utabiri mmoja: dakika ambayo kabari itatolewa. Anayehudumia ndege anaitaja, mnara unapanga foleni kwa kuifuata.

JKIA ina njia moja tu ya kurukia. Dakika kumi zikipotea kwenye maegesho, ndege inayofuata inazirithi. Kijana huyu anaijua hesabu hiyo bila skrini. Akiona trekta la mizigo halijageuka, au gari la mafuta bado liko upande wa pili, anajua ndege haitoki kwa wakati, na anajua mapema kuliko walio ofisini. Nilimuuliza anamwambia nani. Msimamizi. Na msimamizi anamwambia nani? Akainua mabega.

Uwanja umewahi kukwama kwa mambo makubwa zaidi pia. Agosti 2023 umeme ulipokatika nchini, jenereta ya sehemu ya majengo ya uwanja ilikataa kuwaka, na waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, akawaomba radhi abiria. Tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi waligoma kupinga mpango wa kuikabidhi JKIA kwa kampuni ya Adani ya India, safari zikakwama. Siku ile, anasema, kila mtu alijua kabari haziondoki zenyewe.

Zamu ya alfajiri inamtoa Kisumu Ndogo gizani: matatu namba 8 mpaka mjini, kisha 34 kwenda uwanjani. Foleni ya Mombasa Road ikimshika, ndege yaweza kutua kabla yake. Je, kuchelewa huko ni takwimu ambayo uwanja unapaswa kuipanga, au ni kosa lake peke yake? Na mashine ikianza kuandika kila dakika yake, itamlinda ndege ikichelewa kwa sababu ya wengine, au itamkata mshahara? Hofu yake iko hapo, na mimi naiona ni ya haki.

Naiomba Mamlaka ya Viwanja vya Ndege: kituo kama kile cha Heathrow kikipangwa JKIA, wapangaji waanze kwa kukaa na watu wa kabari, wawape njia ya kutaja dakika wanayoiona kwa macho yao, na waandike kwenye mkataba kwamba anayesema mapema kuwa ndege itachelewa haadhibiwi.