Ngoro Ndogo ya Watoto

Kilimo cha ngoro cha Wamatengo ni elimu inayorithishwa kwa mikono. Watoto wasipoishiriki mapema, ufundi huo utafifia, na udongo wa miteremko ya Mbinga utachukuliwa na mvua. Kwa hiyo makatibu wanaombwa kuwahimiza wanachama watenge eneo dogo karibu na nyumba, hatua tatu kila upande, na kufanya hivi:

1. Mwezi wa Machi, mzazi afyeke majani, yaachwe yakauke.
2. Watoto wayapange kwa mistari inayokatana, ipatikane miraba.
3. Udongo wa katikati ya kila mraba uchimbwe na kuyafunika majani, yawe matuta.
4. Maharage yapandwe juu ya matuta.

Mvua ikinyesha, watoto wataona jinsi shimo linavyozuia maji na udongo, na majani yaliyofukiwa yanavyooza kuwa mbolea.

Huko mwambaoni, Lituhi hadi Mbamba Bay, mtumbwi mkuukuu waweza kujazwa udongo na samadi, ukapandwa mchicha.

Onyo: makopo ya mrututu na ya dawa nyingine za mibuni yasitumiwe kumwagilia wala kuchezea, hata yakioshwa.