Nyuki na Maua ya Kahawa Mbele ya Lenzi

Kanja, katika Kaunti ya Embu, kalenda ya maua hupangwa na mvua: ya masika kati ya Machi na Mei, na ya vuli kati ya Oktoba na Desemba. Mbuni uliostahimili kiangazi huwa tayari umebeba vitumba vilivyofumba. Mvua ya kutosha ikishanyesha, vitumba hivyo huvimba, na baada ya siku 8 hadi 12 hivi shamba zima huwa jeupe kwa mkupuo mmoja na kunukia kama asumini. Weupe huo haukai. Siku ya tatu maua mengi yameshaanza kunyauka na kugeuka kahawia. Anayepiga picha kwa kujifurahisha, tena mwenye kazi nyingine ya kumlisha, huanza kuhesabu siku pale mvua inapoloanisha udongo, kabla hata hajafikiria kamera.

Kahawa ya arabika hujichavusha yenyewe kwa kiasi kikubwa, lakini nyuki huifuata kwa sababu mbochi wake ni mwingi na chavua iko wazi. Ua lina petali tano nyembamba na mrija mfupi katikati. Nyuki hushika petali kwa miguu, akaingiza ulimi mrijani, na chavua ikamganda kwenye manyoya ya kichwa na kifua. Akiondoka, mara nyingi huelea hewani kitambo kidogo mbele ya tawi, miguu ikifanya kazi haraka haraka: anajichana chavua na kuishindilia kwenye miguu ya nyuma hadi yakatokea madonge mawili ya manjano. Kitambo hicho cha kuelea ndicho kinachotoa picha bora, na wengi hukikosa kwa kuwa wamekwisha kushusha simu.

Kumfukuza nyuki ua kwa ua ni kujichosha bure. Nyuki wa asali anayeanza safari yake kwenye kahawa kwa kawaida huendelea na kahawa hadi arudi mzingani, kwa hiyo ni afadhali kuchagua tawi moja lenye maua mabichi, kulenga lenzi mapema, na kungoja. Asubuhi ndiyo saa yake. Nyuki hawezi kuruka vizuri kabla misuli ya kifua haijapata joto la karibu nyuzi 30 za Selsiasi, na kwa ubaridi wa miteremko ya Mlima Kenya, jua likichomoza huonekana akienda polepole. Kufikia saa tano mwanga huwa mkali mno na petali nyeupe hupoteza mistari yake yote. Dawa yake ni kupunguza mwangaza kidogo kwenye kamera au simu kabla ya kupiga, au kumwomba mtu ashike karatasi nyeupe kati ya jua na ua.

Vifaa visimtishe mtu. Lenzi ndogo ya kubana kwenye simu inatosha kuanzia, na mwenye kamera atafaidi lenzi ya kupiga vitu vidogo kwa karibu. Mabawa ya nyuki hupiga zaidi ya mara 200 kwa sekunde, hivyo kuyagandisha hewani kunataka kasi ya sehemu moja ya 2,000 ya sekunde, au hata zaidi. Nyuki aliyetua anahitaji kasi ndogo kuliko hiyo. Jicho ndilo la kulengwa. Bawa likififia picha bado ni nzuri, jicho likififia picha imeharibika.

Kahawa ikiisha, maua mengine yapo: mparachichi, mkadamia, mgrevilea, na alizeti mwitu ya manjano kandokando ya barabara. Kaliandra inastahili kutajwa peke yake. Asili yake ni Amerika ya Kati, na katika miaka ya 1990 watafiti waliisambaza kwa wakulima wa Embu iwe lishe ya ng'ombe wa maziwa. Nyuzi zake nyekundu hufunguka alasiri na kunyauka kesho yake, kwa hiyo ni ua la jioni au la asubuhi na mapema.

Shamba lina mwenyewe, na hodi hupigwa kwanza. Anayeingia kati ya mibuni iliyochanua bila kuwa mwangalifu huangusha maua, na kila ua ni punje za kahawa za mtu. Shamba lililopuliziwa dawa siku hiyo liachwe. Kando ya mzinga hakuna picha inayostahili kuhatarisha ngozi: nyuki akidunga hutoa harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, nayo huwaita wenzake. Harufu hiyo ikisikika, mtu aondoke bila kupunga mikono.

Si kila nyuki kwenye picha ni wa asali. Anayebeba chavua chini ya tumbo badala ya miguuni ni wa jamii ya wanaokata majani, na yule mkubwa mweusi mwenye mstari mweupe au wa manjano mgongoni hutoboa mbao na kuishi humo. Mkenya Dino Martins, mtaalamu wa wadudu, aliandika kitabu cha mwongozo kuhusu wachavushaji wa Afrika Mashariki, lakini mwongozo hausaidii kama picha ni ya mgongo tu. Nyuki apigwe picha pia kwa ubavu, miguu ya nyuma ikionekana.