Ndengu, Ungo na Mbegu ya Mnanaha

Kutenga mbegu za magugu na nafaka, iwe kwa mkono au kwa mashine, ni kutafuta tofauti moja kati ya punje na punje: uzito, unene, upana au urefu. Tofauti hiyo ikipatikana, kifaa hujengwa juu yake.

Ndengu za Mbeere, nyanda za chini za Embu, hupigwa kwa fimbo juu ya turubai. Mashina yakiondolewa hubaki ndengu, makapi, vumbi na mbegu za magugu yaliyong'olewa pamoja na zao. La kuogopwa zaidi ni mnanaha. Mbegu yake ina umbo la figo, bapa, nyeusi au kahawia, yenye urefu wa milimita 3 hivi na ngozi ya vijishimo kama subana ya fundi cherehani. Ndani yake mna atropini na skopolamini, sumu ambazo moto wa jikoni hauziondoi. Mwaka 2019, huko Karamoja nchini Uganda, watu wapatao 300 waliugua na 5 wakafariki baada ya kula uji wa unga wa msaada uliokuwa na sumu hizo.

Upepo hutangulia. Punje zikimwagwa polepole kutoka kwenye ungo, kila moja huanguka kulingana na uzito wake na eneo linalopigwa na hewa. Makapi hupeperuka mbali, ndengu nene huanguka karibu na miguu, mnanaha hutawanyika katikati. Hapo katikati ndipo penye taabu, maana ndengu zilizosinyaa nazo huangukia papo hapo. Mashine ya feni hufuata kanuni ileile, ila upepo wake hauzubai.

Linalobaki ni la chekeche. Tundu la duara hupima upana wa punje. Tundu refu jembamba hupima unene, na kwa mnanaha hilo ndilo bora. Kwa kuwa ni bapa, mbegu yake hupenya mwanya wa milimita 2 huku ndengu iliyojaa ikibaki juu. Kwenye wimbi mambo hugeuka: wimbi hupita, mnanaha hubaki.

Timau, kaskazini mwa Mlima Kenya, ngano huvunwa kwa kombaini. Oti za mwitu zikichanganyika nayo, unene hausaidii sana; urefu ndio husaidia. Hutumika pipa linalozunguka, lenye vishimo ndani. Ngano fupi hukaa kishimoni, hupandishwa juu na kuangukia kwenye mfereji wa katikati. Oti ndefu huchomoza, hivyo huteleza mapema na kurudi chini.

Kuna magugu yasiyotengeka. Mtaalamu wa mimea wa Urusi, Nikolai Vavilov, alieleza kuwa kupepeta kwenyewe huchagua: mbegu ya gugu inayofanana na nafaka huponyoka, hupandwa tena na kuzaa zinazofanana nayo. Wimbi mwitu, ambalo hata majani yake hufanana na ya wimbi, ni vyema ling'olewe shambani kabla ya kukomaa.

Mbegu za magugu zilizotengwa zisimwagiwe kuku wala kurudishwa shambani, zichomwe. Mbegu ya mnanaha huweza kulala udongoni zaidi ya miaka 30 na bado ikaota.