Kompyuta Iliyotoka kwa Fundi Ikizima na Kujiwasha Yenyewe: Anzeni Pale Fundi Alipogusa

Kompyuta mpakato zilizotengenezwa kwa ajili ya michezo hufanya pia kazi nyingi ambazo si michezo. Uwezo wake mkubwa wa kuchakata picha unafaa kwa kuhariri video, kurusha ibada kupitia intaneti na kufundishia vijana usanifu wa picha. Kwa hiyo kamati inayopewa mashine ya namna hii iliyokwisha kutumika imepata zawadi nzuri. Ugumu huanza inapoharibika, kwa kuwa vipuri vyake ni ghali.

Lipo tatizo moja linalowasumbua wengi. Mashine imetoka kwa fundi, inawaka vizuri, na barua zinaandikwa bila shida. Lakini ikipewa kazi nzito, inazima ghafla na kujiwasha upya. Si ajabu kamati ikaambiwa kuwa ubao mama umekufa na inunuliwe mashine nyingine. Kabla ya kukubali gharama hiyo, shikeni kanuni moja: hitilafu iliyoanza baada ya matengenezo itafutwe kwanza katika kile kilichoguswa wakati wa matengenezo.

Kwa nini hujitokeza kwenye kazi nzito

Ndani ya mashine hii mna prosesa na chipu ya picha, zote zikila umeme mwingi zinapofanya kazi kwa nguvu. Kompyuta mpakato ya kawaida ya ofisini hutosheka na chaja ya wati 45 au 65, lakini nyingi za michezo huhitaji wati 180, 230 au zaidi. Umeme huo wote hugeuka kuwa joto. Prosesa inapokaribia nyuzi 100 za Sentigredi hupunguza kasi, na joto likizidi mashine hujizima ili isiungue. Hivyo mashine kuandika barua vizuri dukani kwa fundi si ushahidi kwamba imepona.

Isomeni mashine kwanza

Nakilini mafaili muhimu mahali pengine kabla ya jambo lolote. Kisha fahamuni kwamba Windows, isipoelekezwa vingine, hujiwasha upya mara inapopata kosa kubwa, na ujumbe wa kosa hupotea kabla haujasomwa. Ili kuzuia hilo, bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na R, andikeni sysdm.cpl, ingieni Advanced, kisha Startup and Recovery, na muondoe alama kwenye Automatically restart.

Kosa likirudi, skrini ya bluu (nyeusi katika matoleo mapya ya Windows 11) itabaki wazi. Andikeni namba yake. 0x116 huelekeza kwenye chipu ya picha au draiva yake. 0x1A huelekeza kwenye RAM. 0x124 ni kosa lililoripotiwa na vifaa vyenyewe, na joto au umeme huweza kulisababisha. Mashine ikizima bila ujumbe wowote, shukuni zaidi umeme na joto.

Katika kumbukumbu za Windows mtaona pia maneno Kernel-Power 41. Hayo yanasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa kwa utaratibu. Hayathibitishi kuwa chaja au ubao mama ni mbovu.

Mambo matano ya kukagua

1. Chaja. Someni kibandiko chake. Volti zilingane na zinazotakiwa na mashine, na wati zisipungue. Chaja ndogo huendesha barua lakini hushindwa kuendesha video.

2. Feni. Mashine nyingi za michezo zina feni mbili. Waya wa moja ukisahauliwa wakati wa kufunga, upande mmoja utakosa hewa. Sikilizeni na mhisi hewa ya moto ikitoka pande zote.

3. Pesti ya joto. Hii hupakwa kati ya chipu na bamba la kupoozea, na bamba likifunguliwa lazima ipakwe mpya. Skrubu za bamba zikazwe kidogo kidogo kwa kufuata namba zake. Vipande laini vilivyo juu ya chipu ndogo visiachwe, wala visibadilishwe kwa vya unene tofauti.

4. RAM. Kipande kisichoingia hadi mwisho huleta makosa ya ghafla. Fundi akate umeme, achomoe betri, akirudishe vizuri, kisha ajaribu kimoja kimoja. Programu ya mdsched.exe iliyomo ndani ya Windows husaidia kupima.

5. Draiva. Kama Windows iliwekwa upya, draiva ya picha ichukuliwe kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mashine au wa chipu hiyo.

Badilisheni jambo moja tu kwa wakati, kisha mjaribu. Mkibadilisha matatu pamoja, hamtajua lipi lilikuwa tatizo. Na betri ikionekana imevimba, acheni kuitumia mara moja. Isitobolewe wala kubanwa.

Makubaliano na fundi

Kabla ya kukabidhi mashine, andikeni dalili zake na hali yake. Ombeni maelezo ya maandishi ya kila kilichofunguliwa au kubadilishwa, na vipuri vya zamani virudishwe. Siku ya kuichukua, iendesheni kwa kazi nzito kwa saa nzima mbele ya fundi kabla ya kumaliza malipo. Fundi mwema hatachukia, maana waya uliosahaulika hurekebishwa kwa dakika chache, na jaribio hilo humlinda yeye pia dhidi ya lawama.

Kwa wafadhili wanaotoa mashine za namna hii, tunaomba chaja yake halisi isiachwe nyumbani. Bila hiyo, zawadi yenye nguvu huishia kuandika barua tu.