Muuguzi Aliyeimba na Binti Yake

Huenda umewahi kusikia redioni nyimbo za The Judds, mama na binti wa Kimarekani walioimba muziki wa kantri. Wengi hawajui kwamba yule mama, Naomi Judd, alikuwa muuguzi mwenzetu.

Naomi alizaliwa mwaka 1946 mjini Ashland, jimbo la Kentucky, ambako baba yake alikuwa na kituo cha mafuta. Alishika mimba akiwa na miaka 17, akamzaa Wynonna mwaka 1964. Ashley, ambaye baadaye alikuwa mcheza sinema, alizaliwa mwaka 1968. Ndoa ilipovunjika alibaki na wasichana wake wawili, akafanya kazi za kila namna, na kuna wakati waliishi kwa msaada wa serikali. Ndipo akaingia kusomea uuguzi. Sisi tuliosoma huku watoto wamelala mgongoni tunaijua kazi hiyo!

Kwa muda waliishi kijijini Kentucky bila simu wala televisheni. Wynonna akajifunza gitaa, mama akawa anaimba naye sauti ya pili. Waligombana sana, wala hawakuficha, lakini wakianza kuimba sauti zilipatana.

Mwaka 1979 walihamia karibu na Nashville, mji wa muziki huo, na Naomi akapata kazi hospitalini. Katika wodi yake alilazwa msichana aliyeumia katika ajali ya gari. Baba wa msichana huyo, Brent Maher, alikuwa mtayarishaji wa muziki. Naomi akampa kanda waliyojirekodi nyumbani kwa kinasa sauti cha bei rahisi. Mwaka 1983 walitia saini mkataba na kampuni ya RCA. Nyimbo zao 14 zilishika nafasi ya kwanza, na walipata tuzo tano za Grammy.

Mwaka 1990 Naomi aliambiwa ana homa ya ini aina ya C. Mwenyewe aliamini aliipata kwa kuchomwa sindano kazini. Kirusi chenyewe kilitambuliwa mwaka 1989 tu, kwa hiyo alipokuwa wodini hakuna aliyeweza kumpima.

Mimi pia nimewahi kuchomwa, nikirudisha kifuniko kwenye sindano iliyotumika. Sikulala siku nyingi nikingoja majibu. Dada zangu wauguzi, msirudishe kifuniko! Ukichomwa, osha kwa maji na sabuni, usikamue, na utoe taarifa siku hiyo hiyo hata kama unaona aibu. Chanjo ya aina C haipo, ila siku hizi vidonge vya wiki 8 hadi 12 huponya zaidi ya watu 95 katika 100.

Naomi hakuwa na vidonge hivyo. Waliagana na mashabiki tarehe 4 Desemba 1991 huko Murfreesboro, Tennessee, na Wynonna akaendelea peke yake. Mama alitibiwa, ini likapona. Lakini alisumbuliwa pia na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, na mwaka 2016 aliuandikia kitabu bila kuona haya. Tarehe 30 Aprili 2022, akiwa na miaka 76, alijiua.

Kesho yake The Judds waliingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri. Mabinti wote wawili walikwenda, wakilia. Msimu ule wa vuli Wynonna alifanya ziara aliyokuwa amepanga na mama yake, waimbaji wenzake wakimsaidia kushika sauti ya pili.