Meli Mbili za Urefu Mmoja: Makazi ya Watu Ziwani na Katika Barafu

Msomaji anayeishi Gehandu, katika nyanda za juu za Mbulu na Hanang, yuko mbali na bahari, na huenda hajapata kukanyaga sitaha ya meli. Hata hivyo baridi anaijua, na namna ya kujikinga nayo anaijua pia. Kwa maarifa hayo aweza kuelewa vizuri maisha ya watu ndani ya meli ndogo ziendazo Antaktika, bara la barafu lililoko kwenye Ncha ya Kusini ya dunia. Ili tupate kipimo, tutalinganisha meli moja ya huko na nyingine ya hapa kwetu.

Ya kwetu ni Liemba ya Ziwa Tanganyika. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam kwa njia ya bahari, kisha Kigoma kwa reli, na huko ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 wakati wa vita. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Urefu wake ni mita 71 hivi. Meli ya pili ni Explorer, iliyojengwa Ufini mwaka 1969 mahsusi kwa kuwapeleka wasafiri kwenye bahari za barafu. Urefu wake ulikuwa mita 73 hivi.

Basi kwa urefu meli hizi zilikaribia kulingana. Lakini Liemba iliweza kuchukua abiria wapatao 600, na Explorer 100 tu hivi. Kwa nini?

Maji huamua makazi

Jibu la kwanza limo katika maji yenyewe. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika huwa na joto la nyuzi 25 za Sentigredi au zaidi kidogo. Kwa hiyo, ingawa abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na vyumba vyenye vitanda, wa daraja la tatu waliweza kukaa kwenye mabenchi, au kutandika mkeka sitahani kati ya mizigo, wakapitisha usiku bila madhara.

Katika Antaktika maji ya bahari hufikia nyuzi 1.8 chini ya sifuri ndipo yagande, kwa kuwa chumvi huyazuia kuganda kwenye sifuri. Huko hapana mtu awezaye kulala sitahani. Kila abiria hana budi kupata kitanda ndani. Safari nayo yaweza kuchukua siku kumi au zaidi, na njiani hakuna soko. Chakula chote, mafuta, dawa na mavazi mazito lazima yabebwe tangu mwanzo. Vitu hivyo vyote hula nafasi ya watu.

Ukuta wa chuma

Ubavu wa meli ni chuma, na chuma hupitisha joto upesi. Wakazi wa Mbulu wanalijua jambo hili kwa kutazama paa la bati: usiku wa baridi, mvuke wa pumzi hugusa bati na kuwa matone. Nyumba za asili za Wairaqw zilizochimbwa ubavuni mwa kilima na kuezekwa kwa udongo hazikuwa na shida hiyo, kwa sababu udongo mnene huchelewesha joto kutoka.

Meli haiwezi kubeba ukuta wa udongo. Badala yake, nyuma ya mbao za chumba huwekwa sufi ya madini, ambayo kazi yake ni kunasa hewa, kama blanketi lifanyavyo. Dirisha huwa na vioo viwili vyenye hewa katikati. Joto lenyewe laweza kutoka kwenye injini: injini ya dizeli hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta kwa njia ya joto, na joto hilo huweza kuzungushwa kwa mabomba hadi vyumbani.

Maji ya matumizi nayo yana shida yake. Liemba ilielea juu ya maji yasiyo na chumvi. Meli ya Antaktika huelea juu ya maji yasiyonyweka, hivyo huna budi kuyatenga na chumvi kwa mtambo, ama kwa kuyachemsha na kukusanya mvuke, ama kwa kuyasukuma kwa nguvu yapite kwenye utando wenye vitundu vidogo mno.

Mahali pa kulala

Kutoka ncha ya Amerika ya Kusini hadi Antaktika meli huvuka Mlango wa Drake kwa siku mbili hivi, na mawimbi ya hapo ni makali. Viti hufungwa sakafuni, na meza hutiwa kingo ili sahani zisianguke. Mwalimu aweza kulieleza jambo la kitanda kwa pembea ya ubao: aketiye mwishoni hupanda na kushuka sana, aketiye katikati hutikisika kidogo. Ndivyo ilivyo melini. Chumba cha chini, katikati ya meli, kina dirisha dogo na mandhari finyu, lakini ndicho kinachomfaa mtu anayesumbuliwa na kichefuchefu.

Meli hizi mbili zililingana katika jambo moja la ajabu. Bandari zenye gati ni chache Ziwa Tanganyika, na Antaktika wasafiri hushukia kwenye pwani zisizo na gati lolote. Liemba ilisimama mbali na ufuko, na mashua za wanakijiji zikaifuata. Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi waliokwama Kagunga walipelekwa Kigoma kwa njia hiyo. Wasafiri wa Antaktika hushushwa kwa boti za mpira, watu wasiozidi 100 ufukoni kwa wakati mmoja, na viatu vyao husafishwa kwanza ili wasipeleke mbegu za kigeni.

Ukuta unapotoboka

Tarehe 23 Novemba 2007 Explorer iligonga barafu karibu na Antaktika, na maji yakaingia vyumbani. Watu wote 154 waliingia katika mashua za wazi na boti za mpira, wakangoja kwa saa kadhaa katika baridi hadi meli ya Nordnorge ilipowafikia. Explorer ilizama, lakini hakufa mtu. Bahari ilikuwa shwari, hiyo ni bahati. Lakini kila mtu alikuwa na nafasi yake katika mashua, na hilo halikuwa bahati. Tangu mwaka 2017 sheria ya kimataifa ya meli za nchani yataka mashua za kuokolea ziwe zimefunikwa, na vifaa vitoshe kungoja msaada kwa siku zisizopungua tano.

Tulinganishe na msiba wetu wenyewe. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Viktoria, ikiwa imebeba watu kupita kiasi, na mamia wakafa. Maji yale hayakuwa ya barafu, wala Mwanza haikuwa mbali.

Kwa hiyo hesabu ya abiria, iwe 100 au 600, si jambo la tiketi peke yake. Hutokana na uzito, na urari wa meli, na ubaridi wa maji, na wingi wa mashua za kuokolea. Mwanafunzi anayejifunza fizikia leo ndiye atakayekuwa mkaguzi wa meli kesho, na hesabu hiyo itakuwa mikononi mwake.